Karto ya kuwashia mbabula, ao karto ya kujenga muji?

Kila jioni, kama saa kumi na mbili hivi, ndani ya kartie nyingi za Goma, kuko mutoto anayetumwa mbele ya butike kuomba kipande cha karto. Ni ya kuwashia mbabula. Karto inashika moto mbio, makala inafwata, sufuria inapanda. Hakuna mama anayeona ubaya hapo, na sisi hatuoni vilevile. (Ndani ya habari hii, tukisema makala, tunasema ile ya moto.)

Lakini tangu myezi kadhaa wasikilizaji wanatutumia picha za vitu vilivyofanywa kwa karto ile ile: nyumba, magari, vinyago vya kuvaa kwenye uso, makadri ya picha, hata kiti ambacho mutu alikuwa amekikalia. Na maulizo yanarudi sana. Je, hiyo ni kazi kweli ao ni muchezo wa watoto? Mutu anaanza namna gani? Juu ya nini vitu vile vinaharibika mbio mvua ikianza? Na kuko mutu anayeweza kula kwa kazi hiyo?

Tulienda kuona, tulijaribu sisi wenyewe, tukauliza wanaojua. Haya njo tuliyoyapata.

Avenyi moja ya Buhene

Tuanze na kitu tulichokiona kwa macho. Buhene ni kaskazini mwa muji wa Goma, fasi ambayo lava ya Nyiragongo ilipita usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Nyumba maelfu ziliteketea siku hizo, kule na ndani ya vijiji vya jirani. Nani alisahau ule usiku? Watu walikimbia na watoto mugongoni na mukeka juu ya kichwa, wengine kuelekea Sake, wengine kuelekea Gisenyi.

Kijana moja ambaye familia yake ilikuwa na nyumba pale alianza, kisha myaka michache, kuijenga avenyi yao kwa karto. Alituomba tusitaje jina lake. Picha hakuwa nazo, juu albamu ya familia iliungua pamoja na kabati. Alifanya kwa kukumbuka: nyumba ya mbao ya kwao, butike ya jirani, kanisa, tanki ya maji, fasi ya kinyozi. Akaweka yote juu ya ubao, mbele ya nyumba ya shangazi yake ambapo wanaishi sasa.

Kisha hapo majirani wa zamani walianza kufika. Mama moja akamwambia kama muti wa avoka hakuwa upande ule, alikuwa nyuma ya tanki. Papa wawili wakabishana karibu saa nzima juu ya lupango: ilifika mpaka wapi, nani alisogeza mulango mwaka gani. Kijana akabandua, akakata tena, akabandika. Barabara aliifanya kwa muchanga mweusi wa lava ile ile, aliuchuja na kuumwaga juu ya kole.

Tuseme wazi hapa, juu tunajua mambo ya mashamba yanavyochoma roho kwetu: karto ile si dokima. Haina nguvu yoyote mbele ya kadastre, na kijana mwenyewe anawaambia hivyo wanaotaka kuipiga picha kwa ajili ya matata ya parseli. Anachokitaka ni kingine. Wadogo zake wawili walikuwa wadogo sana mwaka wa 2021. Hawakumbuki chochote. Sasa wanaweza kuweka kidole na kusema, hapa njo tulikuwa tunalala.

Avenyi ya kwanza iliharibika. Maji yaliingia chini ya ubao musimu wa mvua, nyumba zikavimba, kuta zikalala. Hii tuliyoiona ni ya pili. Na tofauti ya kwanza na ya pili njo kiini cha habari hii, tutairudilia chini.

Mukongomani aliyejenga miji kwa karto

Wanaosema karto ni muchezo hawajasikia habari ya Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka wa 1948 ku Kimbembele-Ihunga, kijiji cha ile tuliyokuwa tunaita Bandundu. Alifika Kinshasa mwaka wa 1970, akasoma, akakuwa mwalimu wa sekondari. Karibu na mwisho wa myaka ile ya 70 akaacha kufundisha, akajifungia nyumbani, na kwa makasi, wembe, karatasi na kole akajenga jengo moja dogo. Akalipeleka kwenye muzee ya taifa ya Kinshasa. Watu wa pale hawakuamini kama ni yeye aliyelifanya. Walifikiri ameliiba fasi. Ikabidi afanye lingine mbele ya macho yao. Walipoona, wakamupa kazi: kutengeneza vinyago vya zamani vilivyoharibika. Alifanya kazi hiyo myaka kadhaa, na saa za nje alijenga vyake.

Mwaka wa 1989 alialikwa Paris kwa maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Hapo jina lake likatoka. Mwaka wa 1994 alimaliza kazi aliyoipa jina la kijiji chake, Kimbembele Ihunga, lakini hakukifanya vile kilivyokuwa: alikiwekea magorofa, uwanja wa mupira, benki na restora, ubao wa meta 3 hivi. Mwaka wa 1996 ikafwata Ville Fantôme, muji mzima wenye urefu wa karibu meta 6. Yeye mwenyewe alieleza kama ule ni muji wa amani, hauna lazima ya polisi wala ya askari. Musomaji wa Kivu ataelewa mbio kile mutu anaweza kuota namna hiyo.

Kingelez alikufa Kinshasa mwaka wa 2015. Myaka mitatu nyuma yake, mwaka wa 2018, muzee ya MoMA ya New York ilifungua maonyesho makubwa juu ya kazi ya maisha yake yote. Kazi nyingi za Kingelez ziko inje ya inchi, sehemu kubwa ndani ya mukusanyo wa tajiri Jean Pigozzi ku Geneva. Mutoto wa Goma, wa Bukavu, hata wa Kinshasa, anaziona ku simu tu. Hatumulaumu yeye: waliomulipa njo walikuwa kule, na alihitaji kula. Lakini inaumiza kidogo.

Kuko kitu kimoja ambacho watu wanakosea wakimusimulia Kingelez. Wanasema alifanya sanaa kwa takataka. Si kweli yote. Ndiyo, alitumia mapakiti, vifuniko vya chupa, mirija ya kunywea, vijiti vya meno, makopo ya soda. Lakini alitumia pia karatasi nzuri za rangi, na alikata kwa wembe mustari safi kabisa. Ukitazama picha za karibu hautaona kole iliyomwagika. Alichagua. Karto mbaya na karto nzuri hazikuwa kitu kimoja kwake.

Ndani ya karto kuko nini

Chukua karto ya sabuni ao ya maziwa, kata pembeni kwa kisu kikali, angalia ule upande uliokatwa. Utaona karatasi mbili za kulala, na katikati ya tatu inayopindapinda kama manjanja ya nyumba. Kole inayozishikisha ni ya unga, ndugu ya ile tutakayoipika hapa chini. Nguvu yote ya karto inatoka ku ile karatasi ya katikati. Bati la kulala ukilishika linapinda. Likiwa na mawimbi linabeba mutu juu ya paa. Ni mambo yale yale.

Sasa jaribu hivi. Kata vipande viwili vinavyolingana. Cha kwanza kisimamishe na mawimbi yakitazama juu na chini, kama miti ya lupango. Cha pili kisimamishe na mawimbi yakilala. Bonyeza kwa mukono. Cha kwanza kitakataa, cha pili kitakunjika mara moja. Mutu anayefanya nyumba ya karto bila kujua jambo hili, kuta zake zinainama kisha juma moja, na anafikiri karto ni mbaya. Karto ilikuwa nzuri. Aliilaza tu.

Ukitaka kukunja, kunja kwa kufwata mawimbi, itakuwa rahisi. Ukilazimika kukunja kwa kuyakatisha, kwanza chora mustari kwa biki iliyoisha wino ao kwa mugongo wa kisu, ubonyeze bila kupasua, halafu ukunje. Na wembe uwe mupya. Wembe mzee unararua, na watu wengi wanajikata kwa wembe mzee kuliko mupya, juu wanausukuma kwa nguvu.

Kama bado una mashaka juu ya nguvu ya karatasi, kuko mufano ulio karibu nasi. Ndani ya myaka ya 90, wakimbizi wakiwa wengi, miti iliisha karibu na makambi juu ya kutafuta kuni na nguzo za kusimamisha mahema. Shirika la HCR lilitoa mabomba ya aluminiumu yawe nguzo. Watu wakayauza, wakarudia miti. Mujenzi wa Japani Shigeru Ban akapendekeza mirija minene ya karatasi, ambayo ni ya bei ya chini na haina soko. Mwaka wa 1999 mahema 50 ya namna hiyo yalisimamishwa kwa kujaribu ku Byumba, pale Rwanda. Mwaka wa 2014 Ban alipewa Pritzker, tuzo kubwa zaidi ya wajenzi duniani. Karatasi ile ya mirija ilikuwa imetengenezwa vizuri na kukingwa na maji, si karto ya biskuti, lakini wazo ni lile lile.

Ya kuchukua na ya kuacha

Karto nzito yenye mawimbi mara mbili, ile ya karo za chini ao ya mashine, inafaa kwa viti, meza, ubao wa chini. Karto ya sabuni inafaa kwa kuta. Ile nyembamba isiyo na mawimbi, ya biskuti na ya dawa ya meno, inafaa kwa madirisha, mapaa, magari madogo. Plato za mayai zinaiva vizuri sana ukitaka kuponda, juu tangu mwanzo ni karatasi iliyopondwa. Mufuko wa simenti unatoa karatasi ngumu kuliko zote za muji, lakini ukung'ute inje, funika pua na mdomo, na unawe mikono kisha kazi; vumbi ya simenti inakula ngozi.

Usichukue karto iliyokuwa na dawa za shamba, hata kama ni safi kwa macho. Usichukue ya hospitali wala ya santé, usichukue yenye harufu ya mazutu. Yenye madoa meusi ya uozo nayo acha, juu ule uozo utahamia ku kazi yako yote.

Na makaratasi? Madaftari ya mwaka ulioisha, magazeti, matangazo ya kampanye, yote ni mazuri. Lakini soma mbele ya kupasua. Wote tuliisha kununua karanga zilizofungwa ndani ya karatasi ya ofisi ya mutu, yenye jina lake na ugonjwa wake. Karatasi ya namna hiyo usiibandike kwenye kinyago, watu wakaisoma. Iponde, ao uichome.

Kole, na panya wangu

Kole ya chupa ni gali kwa mutu anayeanza. Ya kupika ni hivi: bilauri moja ya unga wa muhogo ao wa ngano, uikoroge ndani ya bilauri moja ya maji ya baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha bilauri nne za maji. Yakichemka, mwaga ule uji ndani polepole ukikoroga, acha dakika chache, itageuka kuwa nzito na yenye kungaa. Ikipoa, iko tayari. Inadumu siku mbili, tatu. Ikianza kunuka, tupa.

Mimi niliyeandika hapa nilifanya kinyago cha simba kwa kole hiyo, kwa ajili ya mutoto wangu. Nilikifurahia, nikakiweka juu ya kabati kikauke. Kisha siku tatu pua ilikuwa imekuliwa, na sikio moja. Panya. Ni kosa langu: kole ya unga ni chakula, na nilikiacha wazi bila rangi. Wengine wanatia chumvi ndani ya kole ili wadudu wakimbie. Hatuwashauri, juu chumvi inavuta maji, na musimu wa mvua kazi yako itakuwa inatoa jasho. Afazali vijiko viwili vya vinegre, ao karafuu chache zilizochemshwa ndani ya yale maji. Na safu ya mwisho uifanye kwa kole nyeupe ya mbao. Ile panya haipendi. Kisha rangi mbio.

Kuponda karatasi ni kazi ya siku mbili. Pasua vipande vidogo kama kucha, loweka usiku muzima, asubuhi twanga. Tafazali, si ndani ya kinu ya sombe. Tafuta kinu nzee ambayo haitarudi jikoni, juu wino si wa kula. Kamua ndani ya kitambaa, changanya na kole mpaka iwe kama bugali laini. Hapo unaweza kufinyanga: uso, tunda, ndege, kichwa cha gorila. Ukitaka bakuli ao kinyago, paka sabuni juu ya sahani nzee ao balo iliyopulizwa, bandika vipande vya karatasi na kole, safu mbili, acha zikauke, ongeza mbili, acha tena. Mwenye haraka anabandika safu sita siku moja. Inje inakauka, ndani inabaki mbichi, na kisha juma moja inanuka.

Kukausha ni ndani ya kivuli chenye upepo. Jua kali linakausha upande moja na kitu kinapinda kama jani la ndizi. Karibu na mbabula usijaribu hata kidogo, na usiache watoto wafanye kazi hii karibu na moto wala karibu na taa ya petroli.

Maji yanaingia wapi?

Hapa njo tunarudilia avenyi ya Buhene. Kwa ya kwanza, kijana alipaka rangi kuta zote na mapaa, zikapendeza. Lakini aliacha fasi mbili: chini, na pembeni pale karto ilikatwa. Pembeni pale mawimbi yako wazi, na kila wimbi ni kama murija wa kunywea fanta. Karto ikikaa juu ya ubao wenye maji, ile mirija inayanyonya mpaka juu. Kole ya unga inalainika, karatasi tatu zinaachana, ukuta unavimba. Rangi nzuri ya inje inabaki tu kama ngozi.

Kwa ya pili, kila upande uliokatwa aliufunga kwanza kwa ukanda mwembamba wa karatasi na kole ya mbao. Kisha akapaka rangi ya mafuta pande zote, pamoja na chini, pamoja na ndani ya nyumba ambamo hakuna mutu atatazama. Mwisho verni mara mbili. Na ubao hakuuweka chini. Aliusimamisha juu ya matofali mawili. Tulipofika ilikuwa imepita musimu wa mvua muzima. Ukuta moja tu ulikuwa umevimba, ule wa kanisa, na anasema pale alisahau.

Kwa mutu wa kwetu, kalenda ni muhimu kuliko pesa. Goma na Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa na inaenda mpaka mwezi wa tano. Kazi kubwa ya kubandika na kupaka ifanywe mwezi wa sita mpaka wa nane. Myezi mingine kata, chora, tafuta vitu.

Kupima bila metre

Wengi wanajenga nyumba moja nzuri, kisha ya pili inakuwa kubwa kuliko kanisa. Kijana wa Buhene alifanya hesabu rahisi: hatua moja ya mguu wake ni sentimeta moja ya karto. Parseli ya hatua 20 kwa 15 inakuwa sentimeta 20 kwa 15. Nyumba ya hatua 9 ni sentimeta 9. Pale hakuweza tena kupiga hatua, juu lava iko juu yake, aliuliza watu: kutoka mulango wenu mpaka kwa kinyozi ilikuwa hatua ngapi? Wazee walifunga macho, wakahesabu. Mwenye kutaka kufanya kartie yake leo, apige hatua zake mwenyewe, mutu moja tu, juu hatua za mutoto na za papa hazilingani.

Nani atanunua?

Hapa tusidanganyane. Karto ni ya bure ao karibu na bure, na njo tatizo la kwanza: mununuzi naye anajua. Atakuambia, lakini hii ni karto tu. Anayeuza anaona haya, anataja bei ya kole peke yake. Hesabu vizuri: wembe, rangi, verni, kole ya mbao, halafu siku zako. Kazi ya siku nne si kazi ya saa mbili. Kama hauwezi kusema siku ngapi ulizitumia, anza kuziandika ku daftari.

Zamani wengi waliofanya picha za majani ya migomba (zile zinazobandikwa juu ya karto, utaziona bado) walitegemea wageni, watu wa mashirika na watalii wa Virunga. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa kwanza 2025, wageni hao wamepunguka sana. Mutu anayeanza leo na wazo la kumuuzia mugeni atakaa na vinyago vyake. Tulichokiona kinatoka ni kile jirani anakihitaji: hesabu na herufi kubwa za anniversaire, masanduku ya zawadi za ndoa, makadri ya picha, mapambo ya kanisa, vitu vya kufundishia ku shule ya watoto wadogo. Vitu hivyo mutu anakuja kuagiza, anaacha avansi, na wewe haufanyi kazi ya kungojea bahati. Vinyago na miji vinaweza kufwata baadaye, jina likiisha kujulikana.

Kuko pia shule. Kila muzazi anajua somo la kazi ya mikono: mutoto anaambiwa alete ufagio ao kamba, muzazi anaenda sokoni kununua, mutoto anapata pointi kwa kazi ya mutu mwingine. Karto angalau iko mbele ya kila butike. Mwalimu akikubali, mutoto atafanya kwa vidole vyake, hata kama nyumba itainama.

Na ule moto wa jioni? Hatutamwambia mama aache kuwasha kwa karto. Karatasi na karto nyingine zinapondwa na maranda ya mbao kufanya briketi, na kama briketi inapunguza makala inayotoka ndani ya Virunga, hiyo nayo ni kazi nzuri. Kibaya ni sashe. Kuko nyumba zinawasha kwa sashe ya plastiki, moshi mweusi unaingia kifuani mwa watoto. Afazali karto mara elfu. Tunachoomba ni kidogo: mbele ya kuitia motoni, tazama kama ni ngumu na safi, na kama kuko mutoto ndani ya nyumba aliyeisha kuomba kipande.

Tulipoondoka, kijana alikuwa amebakisha fasi tatu. Hajui rangi ya mulango wa kanisa: wengine wanasema bluu, wengine wanasema kijani. Hajui jina lililoandikwa mbele ya butike ya kona. Na kuko nyumba moja nyuma ya tanki, ya familia iliyohama mbele ya 2021, ambayo hakuna mutu anayekumbuka ilikuwa na vyumba vingapi. Kama ulikaa upande ule, pita kwenye redio, tutakupeleka kwake.